Usimamizi wa Kibarua ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mgawaji wa riziki, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, leo tumeona vyema kuzungumza juu ya mas-ala yanayowafika vijana wetu wengi, na wanaoyauliza ni wachache. Kijana huondoka Mombasa, Lamu au Malindi, akaenda Nairobi kutafuta riziki. Tuseme kwamba amefikia Kabiria, upande wa magharibi wa mji ule, jirani na Riruta na Kawangware, akaandikwa kibarua cha siku kwa siku kwenye jengo: kazi yake kubeba mawe na kuchanganya zege. Hajatimiza wiki mbili, mara nyapara aliyekuwapo ameondoka, na mwenye kandarasi anamwita na kumkabidhi daftari ya majina. Hakuomba wala hakutumai. Jana alikuwa na karai kichwani. Leo yeye ndiye aitaye majina ya wenziwe asubuhi. Na kazi yenyewe ingali ya muda: jengo likiisha, unyapara nao umekwisha.

Je, hiyo ni neema au ni mtihani? Jawabu ni kuwa ni vyote viwili. Ni neema, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) alimfundisha Abdurrahman bin Samura (R.A.) asiombe ukubwa, kwani apewaye bila ya kuomba husaidiwa, na apewaye kwa kuomba huachiwa mzigo wake peke yake. Basi na ashukuru, wala asiikimbie. Lakini pia ni mtihani, kwa kuwa Abu Dharri (R.A.), pamoja na uchaji Mungu wake, aliambiwa kwamba cheo ni amana, na Siku ya Kiyama ni hizaya na majuto, illa kwa aliyekitwaa kwa haki na akatimiza yaliyompasa.

Wako wasemao: Hii ni kazi ya miezi miwili; mtu na achume upesi kabla haijaisha. Ndugu zangu, maneno haya ndiyo mlango wa khiyana. Tulitazame hilo neno letu wenyewe, kibarua. Asili yake ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mchukuzi wa zamani kuwa ushahidi wa siku aliyoifanyia kazi. Barua ni ndogo, lakini hesabu iliyomo ni haki ya mtu. Amana haipimwi kwa urefu wa muda wake. Aliyeachiwa kitu cha mtu kwa saa moja akakila, ni mla amana sawasawa na aliyeachiwa mwaka mzima.

Na khiyana ya msimamizi ina milango mitatu.

Wa kwanza ni kuuza nafasi. Asubuhi watu wamejaa langoni, nafasi ni chache, na huyu anatia kitu mkononi mwa nyapara ili jina lake liitwe. Nyapara husema ni zawadi. Kumbukeni yule mtoza zaka aliyerudi akasema: hiki chenu, na hiki nimepewa mimi. Mtume (S.A.W.) alipanda juu ya mimbari akalikemea jambo hilo, akauliza kama mtu huyo angeketi nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi hiyo ingemfikia? Basi kila msimamizi na ajiulize swali hilo hilo.

Wa pili ni kuandika majina ya watu wasiokuwapo na kula ujira wao. Huu ni wizi, hata ukifanywa kwa kalamu.

Wa tatu ndio usioonekana sana: kuzivunja siku za watu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, naye hustahiki kupewa notisi kabla ya kuondolewa. Basi wako wanaofuta jina la mtu mwezi ukikaribia, wakamwandika tena baada ya siku chache, ili haki hiyo isimfikie kamwe. Msimamizi akiamrishwa haya, na aseme kwa adabu kuwa hawezi. Hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba. Huenda akarudishwa kwenye karai. Hilo si jambo jepesi, nasi hatusemi ni jepesi. Lakini karai huteremshwa jioni, na dhulma haiteremshwi illa kwa kuwarudishia watu haki zao.

Sasa twageuka kwetu sisi tuliobaki pwani, kwani makosa si ya kijana peke yake. Khabari ikifika kuwa fulani amekuwa msimamizi, simu huanza siku ile ile: mwandike binamu yako, mwandike jirani. Si vibaya kumsaidia jamaa anayeiweza kazi. Uovu ni kumtoa aliyewahi langoni alfajiri, kwa kuwa yeye ni Mluhya au Mkikuyu au Mkamba, na kumweka wetu asiyejua kushika koleo. Suratul Qasas yatueleza kuwa binti wa yule mzee wa Madyan alimsifu Nabii Musa (A.S.) kwa baba yake kwa sifa mbili, nguvu na uaminifu. Naye Musa alikuwa mgeni kwao, hana ukoo wala jamaa katika nchi ile.

Na wako wazazi wanaokimbilia kwa mganga, wakapeleka hirizi Nairobi ili kibarua kigeuke kazi ya kudumu. Tuyaache haya. Hirizi ya msimamizi ni daftari iliyo sahihi na ujira unaolipwa kabla jasho halijakauka.

Nawe uliye chini ya nyapara aliyekuwa mwenzio jana, usimhusudu. Mtii katika haki, na mnasihi faraghani akikosea.

Jengo litakwisha, na kila mtu atakwenda zake. Watakaokutana naye baadaye Kawangware au katika basi la Mombasa, ama watamwamkia kwa furaha, ama watageuza nyuso. Na mbele ya mkutano huo uko mkutano mwingine, ambao majina yote yataitwa tena, na muita majina naye ataitwa.

Mwenyezi Mungu awaruzuku vijana wetu riziki ya halali, na awape nguvu na uaminifu. Amin.