Baraka kwa Mkono wa Kushoto

Masomo ya Jumapili: Mwanzo 48:8-20, Waamuzi 3:12-30, 1 Wakorintho 12:14-26



Neno la leo tunalielekeza kwa familia zote, lakini zaidi kwa nyumba zenye mtoto mwenye mashoto. Nyumba hizo si chache. Duniani kote, takriban mtu mmoja katika kila kumi hutumia mkono wa kushoto kuandika, kurusha na kukata. Maana yake, kila tunapojaa kanisani, karibu kila safu ya viti ina mtu wa namna hiyo, mkubwa au mdogo. Wengine hatuwajui, kwa kuwa walifundishwa mapema kujificha.

Tunaleta jambo hili madhabahuni kwa sababu linawasumbua watoto wetu. Shuleni mwalimu anamwambia mtoto, "Andika kwa mkono unaoupenda." Akirudi nyumbani anasikia, "Huo si mkono! Badilisha!" Asubuhi mkono ni mzuri, jioni ni mbaya. Mtoto wa miaka sita hawezi kubeba mzigo huo peke yake. Anachoelewa ni kimoja tu: kuna kitu ndani yangu ambacho wazazi wangu hawakipendi. Tunataka Neno la Mungu liingie hapo kabla ya wazo hilo kuota mizizi.

1. Desturi yetu ilitoka wapi

Lugha yetu yenyewe inauheshimu mkono mmoja. Tunauita wa kulia, kwa kuwa ndio wa kulia chakula. Tunauita wa kuume, yaani wa kiume, wenye nguvu. Na hatuko peke yetu. Ndugu zetu waliosoma Kifaransa wanajua kwamba neno la kushoto katika lugha hiyo humaanisha pia mtu asiye na ustadi. Kwa Kiingereza neno la mkono wa kulia ndilo hilohilo la jambo lililo sahihi. Watu wengi wa dunia wameuonea mkono huu.

Huko nyumbani desturi ilikuwa na sababu. Tulikula pamoja kwenye sinia moja, maji yalikuwa ya kuteka mbali, na mkono wa kushoto ulikuwa na kazi yake ya chooni. Kutenga mkono mmoja kwa chakula kulilinda afya ya watu wote. Wazee wetu hawakuwa wajinga, wala hatuwadharau. Lakini usafi ndio uliokuwa lengo, na usafi huletwa na maji na sabuni. Mtoto aliyenawa mikono yote miwili ana mikono miwili safi.

2. Yakobo alipopishanisha mikono

Tazameni Mwanzo 48. Yakobo ni mzee, macho yamefifia. Yusufu anamletea wanawe wawili wabarikiwe, na amewapanga vizuri kama desturi ilivyotaka: Manase, mzaliwa wa kwanza, upande wa mkono wa kuume wa babu yake; Efraimu, mdogo, upande wa kushoto. Yakobo anaipishanisha mikono yake. Wa kuume unamfikia mdogo, wa kushoto unatua juu ya kichwa cha mkubwa.

Yusufu anachukizwa. Anaushika mkono wa baba yake ili auondoe kwenye kichwa cha Efraimu na kuupeleka kwa Manase. Anadhani mzee amekosea kwa sababu haoni. Yakobo anakataa na kumjibu kwamba anajua anachofanya.

Tumezoea kuhubiri habari hii tukimtazama Efraimu, mdogo aliyetangulizwa. Leo tumtazame Manase. Huyu alipokea baraka chini ya mkono wa kushoto! Je, aliondoka mikono mitupu? Hapana. Yakobo alisema naye pia atakuwa taifa, naye atakuwa mkuu. Mungu aliyemwongoza Yakobo hakupungukiwa na baraka kwa sababu zilipitia mkono ambao Yusufu hakuutaka.

Tena tumtazame Yusufu. Alikuwa mtu mwema, mtoto mwenye heshima kwa baba yake. Aliushika ule mkono kwa nia njema kabisa. Ndivyo inavyokuwa jikoni kwetu pale bibi, nyanya au koko anapochomoa kijiko katika mkono wa mjukuu na kukitia katika ule mwingine. Anafanya kwa upendo. Lakini kuna mikono ambayo Mungu ameipanga mwenyewe, na jibu la Yakobo lingali linafaa: Anajua.

Anajua tangu lini? Zaburi ya 139 inatuambia Mungu alituumba tumboni mwa mama zetu. Siku hizi vipimo vya ultrasaundi vimewaonyesha watoto wakinyonya kidole gumba kabla hawajazaliwa; wengi hunyonya cha kulia, na wachache cha kushoto. Kabla mtoto hajaona sinia, kabla hajasikia mtu akimkemea, mkono wake umekwisha kuanza kuchagua. Huo si ukaidi, na si pepo la kukemewa. Mama, huna kosa ulilolifanya wakati wa mimba. Baba, si mkosi wa ukoo.

3. Ehudi, mtu aliyeitwa kwa mkono wake

Katika Waamuzi 3, Israeli wamemtumikia Egloni mfalme wa Moabu miaka 18. Wanamlilia Bwana, naye anawainulia mwokozi: Ehudi, mwenye shoto, wa kabila la Benyamini. Jina Benyamini maana yake ni mwana wa mkono wa kuume. Mwana wa mkono wa kuume, naye ni wa kushoto! Fikirini utani aliousikia tangu utoto.

Tena Kiebrania kinamtaja kwa namna ya pekee: mtu aliyefungwa mkono wake wa kuume. Watu walimwita kwa mkono usiofanya kazi; ule unaofanya kazi hawakuutaja. Sisi wahamiaji tunalijua hilo. Mtu ana lugha nne, na bado anatambulishwa kwa ile moja asiyoijua vizuri.

Ehudi akajitengenezea upanga mfupi wenye makali kuwili, akaufunga chini ya nguo zake kwenye paja la kuume. Mtu wa kulia hufunga upanga kushoto ili auchomoe kwa kuvuka mwili, kwa hiyo hakuna aliyeutazamia upande ule. Kwa mkono huo nira ya Moabu ilivunjika, na nchi ikastarehe miaka 80.

Hatuisomi habari hii ili kuwafundisha watoto kupenda damu. Zilikuwa siku za vita na dhuluma. Tunaisoma ili tuone jambo moja: Mungu alipomwita Ehudi hakuanza kwa kumbadilisha mkono. Alimtumia alivyo. Mkono ambao jirani zake waliuona kama upungufu ndio uliobeba wokovu wao.

4. Mkono wenyewe si utakatifu

Tusivuke kwenda upande wa pili tukasema mwenye shoto ni bora kuliko wengine. Waamuzi 20 inataja watu 700 wa Benyamini, wote wenye shoto, ambao kila mmoja aliweza kurusha jiwe kwa kombeo na kuulenga unywele asikose. Ustadi wa ajabu! Lakini someni walikuwa wakipigania nini. Walikuwa wakiwalinda watu wa Gibea waliomtendea mwanamke uovu hata akafa. Kipawa kilekile, kabila lilelile, kazi mbaya.

Hapo tunapata jibu kwa swali ambalo watoto huuliza katika shule ya Jumapili: "Kwa nini Yesu aliwaweka mbuzi kushoto? Je, mimi ni wa mbuzi?" Mtoto akiuliza hivyo, msicheke. Mfungulieni Mathayo 25 na msome naye mpaka mwisho. Mfalme haulizi mtu yeyote anatumia mkono gani. Anauliza kuhusu mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa, mfungwa. Mkono wa kushoto uliomkaribisha mgeni uko pamoja na kondoo. Mkono wa kulia uliomfungia mlango uko pamoja na mbuzi.

Miaka mingi baadaye Mbenyamini mwingine, Paulo, aliwaandikia Wakorintho kuhusu silaha za haki za mkono wa kuume na za mkono wa kushoto. Mikono yote miwili ina kazi mbele za Mungu. Wahenga wetu nao walisema mkono mmoja haulei mwana.

5. Tufanye nini nyumbani?

Tutenganishe adabu na maumbile. Adabu ni kama lugha: mtoto mwenye shoto anaweza kujifunza kusalimia wakubwa kwa mkono wa kulia, kama anavyojifunza kusema shikamoo. Ndugu zetu kutoka Burundi, Rwanda na Kongo wana njia nzuri zaidi, ya kumpa na kumpokea mkubwa kwa mikono miwili. Hiyo inamtosha kila mtoto, wala haimwaibishi yeyote. Lakini kalamu, mkasi, mpira na kijiko ni mambo ya maumbile. Hayo tumwachie. Tusiufunge mkono kwa kitambaa, tusiupige, tusiutie pilipili.

Mkasi wa kawaida umetengenezwa kwa mkono wa kulia. Ukishikwa kwa kushoto, vidole huviachanisha visu badala ya kuvibana, na kisu cha juu huziba mstari unaokatwa. Mtoto anaonekana hawezi, kumbe kifaa ndicho kisichomfaa. Mikasi ya kushoto inauzwa. Mwombeni mwalimu au mnunue. Anapoandika, karatasi iinamishwe juu yake kuelekea kulia, ili mkono ukae chini ya mstari na usifute wino. Mezani akae mwisho wa kushoto, viwiko visigongane. Kwenye chakula cha pamoja hapa kanisani, wahudumu wetu watawaachia nafasi hiyo.

Kwa vijana na watu wazima walio viwandani, hasa kwenye mistari ya kukata nyama: kama wewe ni wa kushoto, mwambie msimamizi wako. Glavu ya chuma huvaliwa mkono usioshika kisu, kwa hiyo yako ni ya kulia. Usione haya kuomba glavu na nafasi inayokufaa. Haya imewapotezea watu vidole.

Na kwa wazee wetu waliolelewa kwa kiboko mpaka wakahama mkono: tunawaheshimu. Mliandika kwa mkono ambao haukuwa wenu, na bado mkatusomesha. Hakuna anayewadai kurudi nyuma. Tunawaomba jambo moja tu, mmweke mjukuu karibu nanyi na mmwambie, "Hata mimi nilikuwa hivyo." Neno hilo kutoka kinywani mwa babu litamjenga kuliko mahubiri yetu haya yote.

6. Tunaijua roho ya mgeni

Katika Kutoka 23:9 Mungu anawakataza Israeli kumwonea mgeni, na sababu anayowapa ni kwamba wao wenyewe wanaijua roho ya mgeni, kwa kuwa walikuwa wageni Misri. Nasi tunaijua. Tumefika katika nchi ambayo milango, fomu, saa na desturi zilipangwa kabla yetu na watu wengine. Jina letu linakatwa vipande ili liingie katika visanduku vya fomu. Tunachokifanya kwa urahisi nyumbani, hapa kinatutoa jasho, na anayetutazama anadhani hatuna akili.

Basi mtoto mwenye shoto anaishi hivyo kila siku, katika nyumba yake mwenyewe. Sisi, kuliko watu wote, tunapaswa kumwelewa. Tukitaka majirani wasituhukumu kwa kile tusichokizoea, tuanze na kiti kilicho karibu nasi mezani.

Wiki hii, tunaomba kila familia isome Mwanzo 48:8-20 pamoja, jioni moja kabla ya kulala. Wazazi, wekeni mikono yenu juu ya vichwa vya watoto wenu na muwabariki mmoja mmoja kwa jina. Tumieni mikono yote miwili. Na kama kuna mtoto mwenye shoto nyumbani, yeye naye aweke mkono wake wa kushoto juu ya wazazi wake na awaombee.

Tuombe:

Ee Mungu Baba, mikono yetu ni kazi ya mikono yako. Wabariki watoto wetu wenye shoto, uwaondolee aibu iliyowekwa juu yao. Wape wazazi subira, wape bibi na babu maneno ya upole, wape walimu macho ya kuona. Tufundishe kutumia kila mkono uliotupa kwa kulisha, kukaribisha na kuinua, mpaka siku ile utakapotukusanya mezani pako. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Jumapili njema, na Bwana awabariki nyote.