Anunuaye Nyumba ya Kale

Mtu akinunua nyumba ya kale katika Mji Mkongwe wa Unguja, amenunua nini? Hati yasema: nyumba. Lakini mji ule ni wa waendao kwa miguu. Vichochoro vyake vingi havipitishi gari, na baraza ya mawe iliyo mbele ya mlango imekuwa kiti cha jirani na cha mchuuzi aliyechoka. Je, mwenye hati aizungushie vyuma?

Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na juu zimelazwa boriti za mikoko. Chokaa hupumua. Mwenye haraka akipaka saruji (nayo haraka twaijua sote), unyevu hufungiwa ndani, na boriti huoza kimya kimya. Tena nyumba huegemeana: paa likivuja kwa huyu, ukuta walowa kwa yule. Hata jumba kuu la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, lilibomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, wakafa watu wawili.

Basi asemaye, "Ni mali yangu, nitaiacha nipendavyo," sisi hatumkubalii. Vyumba amevilipia, lakini ukuta unamwelemea na jirani, naye jirani siku ya kuuziana hakuulizwa neno.