Kumaliza kwa Goti la Nani?

Hapa Makole kikundi cha vijana kikianza jambo, iwe mchezo wa kuigiza, iwe jarida, na nguvu zikaanza kupungua, hakosi mtu wa kusimama na kusema: "Jamani, mkumbukeni Akhwari!" Haya, tumkumbuke. Lakini tumkumbuke vizuri.

Oktoba 20, 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka njiani, akaumia goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani giza likiingia, mguu umefungwa bendeji, akichechemea. Saa 3:25:27, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio tu, ilimtuma kuzimaliza.

Tunampigia makofi, na ni haki yake. Ila hebu tujiulize: goti lile lilikuwa la nani? Lilikuwa lake. Maumivu yale aliyachagua mwenyewe. Kwenye kikundi mambo ni mengine. Kiongozi anasema "lazima tumalize", kisha anayekesha akinakili hadithi za wenzake ni dada yuleyule, na mwenye baiskeli ndiye wa kutumwa kwa mchapaji kila siku, asante hakuna. Jarida likitoka, kiongozi anasifiwa kwa uvumilivu. Uvumilivu wa nani? Huko ni kuchechemea kwa mguu wa mwenzako.

Utauliza: basi tukichoka tuache? Hapana. Ahadi ni deni, na aliyetupa hadithi yake anaisubiri. Kuacha nako kunaumiza mtu.

Mtazame Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma hii hii. Boston, 1988, alishindwa kwa sekunde 1 tu na Ibrahim Hussein wa Kenya. Boston, 1989, wa pili tena. Novemba mwaka huohuo akashinda New York kwa saa 2:08:01. Angeiacha miguu yake yote Boston, New York angekimbia na nini? Vivyo hivyo, toleo la kwanza likiwamaliza watu, la pili litatolewa na nani?

Kwa hiyo kabla ya kusema "tumalize", tumuulize kwanza anayeumia. Akisema twende, tumpokee mzigo. Akisema tupunguze kurasa, tupunguze. Jarida jembamba lililotoka kwa hiari ya wote limemaliza mbio. Nene lililomvunja mmoja limefika bila yeye.