Msimsingizie Vunjajungu

Vijana wangu mnaofundisha watoto shule ya Jumapili hapa Kitengela, nina neno nanyi, na msinikasirikie. Mnapenda kufundisha kwa wadudu. Vyema, Biblia yenyewe imejaa viumbe: chungu katika Mithali, nzige katika Yoeli, shomoro na maua ya kondeni katika mafundisho ya Yesu. Ninalowaonya ni hili: msimsingizie mdudu ili somo lenu lipendeze.

Vunjajungu, kwa mfano. Mnawaambia watoto kwamba amekunja mikono anaomba, nao wamwige. Yule haombi, anavizia. Miguu ile ya mbele ina miiba ya kunasia windo, na nzi akijisahau karibu naye hapati hata nafasi ya kusema amina. Jike huweza hata kumla dume lake. Mtoto wa siku hizi huazima simu ya mamake. Atayaona hayo kabla ya jioni. Akishajua kwamba mwalimu alimdanganya kuhusu mdudu anayeonekana, kwa nini amsadiki kuhusu Mungu asiyeonekana?

Chungu naye mmemfanya askari anayepokea amri za malkia. Malkia wa chungu haamuru yeyote. Kazi yake ni kutaga mayai. Mwenye Mithali, aliyesema chungu hana mkuu wala msimamizi, alikuwa amemtazama kuliko nyinyi.

Sasa tokeni mjini kidogo, mwelekee Isinya, kwenye udongo mweusi unaoganda viatuni mvua ikinyesha. Kuna migunga mifupi yenye vinundu kwenye miiba, upepo ukivuma inapiga mluzi. Gusa tawi uone: sisimizi watabubujika kutoka vinunduni, mikia juu, wakiufuata mkono wako. Mti huwapa nyumba na maji matamu yanayotoka kwenye vikonyo vya majani, nao huulinda dhidi ya twiga na ndovu. Najua mngefundisha hilo kwa dakika tano, mkasema “saidianeni”, mkaimba. Ngojeni kwanza. Miongoni mwa sisimizi hao wapo wanaokata machipukizi ya mti, usichanue wala kuzaa. Mlinzi anayekunyima matunda! Vijana wanaokaribia kipaimara wangelielewa hilo upesi kuliko hotuba zetu zote kuhusu marafiki.

Tena kuna la Laikipia. Mwaka 1995 watafiti walizungushia migunga ya aina hii ua wa umeme ili wanyama wakubwa wasiifikie. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2008, miti iliyolindwa ndiyo iliyokuwa na hali mbaya. Kwa kuwa hakuna aliyeila, ilipunguza vinundu na maji matamu; walinzi wake wakalegea, wadudu wanaotoboa mashina wakaingia, ikakua polepole na kufa zaidi kuliko ile iliyotafunwa na twiga. Mzazi anayemfungia mwanawe asiguswe na dhiki yoyote na aambiwe hayo. (Nasi wa Kitengela, tulioweka nyaya na kuta kila mahali tangu ranchi ya jamii ilipogawanywa mwaka 1988, tuna la kujifunza hapo hata kabla ya mahubiri.)

Lakini si kila kiumbe ana somo la kupaka asali. Nzige waliingia Kenya mwishoni mwa 2019, na kufikia 2022 ukame ulikuwa unamaliza ng'ombe wa Kajiado. Msimwambie mtoto ambaye boma lao lilibaki tupu kwamba hiyo ni fimbo ya Mungu kwa dhambi za babake. Rafiki zake Ayubu walisema maneno ya namna hiyo, na Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu. Mtoto huyo mketi naye. Akiuliza kwa nini, mna ruhusa kusema hamjui.

Basi Jumapili ijayo ziacheni kabatini zile picha za kupaka rangi. Watoeni watoto uani, wachuchumae kando ya kichuguu nusu saa nzima, na wao ndio waseme walichoona kabla nyinyi hamjafungua Biblia. Na yule anayepulizia uwanja wa kanisa dawa ya wadudu kila Jumamosi, mwambieni kwa heshima aache. Anawaua walimu wenzenu.