Mficha maradhi, kifo humuumbua

Methali hii haimlaumu mgonjwa kwa kuugua. Maradhi humpata yeyote. Lawama iko kwenye kuficha: mtu amevimba mguu, anaufunika kwa kanzu ndefu, akiulizwa hali anajibu hajambo, mpaka siku waosha maiti wanauona. Kifo ndicho kinachomtangaza, tena wakati dawa haina kazi.

Dhambi iliyofichwa huenda njia hiyo hiyo, na mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Mfalme Daudi katika kitabu cha pili cha Samweli. Alilala na Bathsheba, mke wa askari wake Uria, naye akashika mimba. Hapo palikuwa pa kukiri. Badala yake Daudi akamwita Uria kutoka vitani na kumhimiza aende nyumbani kwake, ili mimba ionekane ya mumewe. Uria akalala mlangoni pa jumba la mfalme pamoja na watumishi, maana wenzake walikuwa wamepiga kambi uwandani. Daudi akamlevya, hata hivyo hakwenda. Ndipo mfalme akamwandikia Yoabu, jemadari wake, amweke Uria penye vita vikali kisha wamwache peke yake. Barua hiyo akampa Uria mwenyewe aipeleke. Uzinzi ulizaa hila, hila ikazaa mauaji, na kila kosa lilitendwa ili kulifunika lililotangulia.

Zaburi ya 32, ambayo mapokeo yanasema ni ya Daudi, inakieleza kipindi cha kunyamaza kwa lugha ya ugonjwa kabisa: mifupa inadhoofika, mtu anaugua mchana kutwa, nguvu zinamkauka. Aliyewahi kulala na siri kama hiyo anajua kwamba maneno hayo hayakutiwa chumvi.

Nabii Nathani alipomkabili, Daudi alikubali kosa, na jibu likaja papo hapo kwamba Mungu ameiondoa dhambi yake. Hakuambiwa asubiri aonekane amebadilika. Lakini mtoto alifariki, na ugomvi haukuisha nyumbani mwake. Wengi hujikwaa hapa. Wanadhani msamaha ukishafuta hatia utafuta na matokeo, na wanapoona matokeo bado yapo, wanahisi hawakusamehewa.

Kinachowafanya watu wafiche ni aibu, lakini mara nyingi pia ni masikio yetu sisi wengine. Mtu amwambie nani, ikiwa ombi la sala la Jumatano ni habari ya mtaa ifikapo Ijumaa? Kanisa Katoliki, ambalo tangu Mtaguso wa Laterano wa 1215 huwataka waamini waungame walau mara moja kwa mwaka, linalinda siri ya maungamo kwa adhabu kali: padre anayeivunja moja kwa moja hutengwa na Kanisa kwa tendo hilo hilo. Ndugu wa Uamsho, uliovuma kutoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukafika Uganda, Kenya na Tanganyika, walishika njia nyingine. Walikiri mbele ya wenzao, wakaiita kutembea nuruni, na wengi walirudisha vitu walivyoiba. Naiheshimu sana njia hiyo, hasa huko kurudisha. Ila dhambi ya watu wawili isitangazwe na mmoja. Kuna waliotubu hadharani wakamwacha mwenzao uchi.

Mchukulie mweka hazina wa kwaya aliyekopa fedha za sare akinuia kuzirudisha mwisho wa mwezi. Mwezi ukapita. Akaandika risiti ya uongo, kisha akaanza kukwepa mazoezi, baadaye akakwepa na meza ya Bwana. Deni lenyewe halijaongezeka, lakini yeye anazidi kuisha. Huyu aende kwa mwenyekiti na daftari mkononi, ataje kiasi, aseme tangu lini, aanze kulipa hata kidogo kidogo. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka, aliahidi kurudisha mara nne, na hakusubiri kudaiwa. Mwenyekiti naye apange malipo, na jambo hilo lisivuke mlango wa ofisi isipokuwa kwa wale wanaopaswa kujua. Ufunguo wa sanduku apewe mtu mwingine kwa sasa. Nafasi yake kwenye sauti ya tatu abaki nayo.