Chambo na Meza

Masomo: Mathayo 6:1-4, Yakobo 1:13-15, Yohana 21:9-15



Siku ya Jumatano ya Majivu husomwa kanisani mafundisho ya Bwana wetu juu ya sadaka, sala na kufunga. Katika habari ya sadaka anatuonya tusiwe kama mtu apigaye tarumbeta njiani, ili kila mpitaji ageuke amtazame anapompa maskini. Siku hizi tarumbeta hazisikiki sana, bali kamera zimejaa kila mfuko. Basi tumeona vema Kwaresima hii tujifunze neno moja kutoka kwa kamera ambayo wengi wetu hatujaishika, nayo ni ile inayofungwa porini ili kuwatazama wanyama wa usiku.

Kamera hiyo ya kutegea ni kisanduku kidogo, chatosha kushikwa kwa mkono mmoja. Hufungwa kwa mkanda kwenye shina la mti. Ndani yake mna kifaa kinachotambua joto la mwili linalopita mbele yake. Mnyama akipita, kamera huamka yenyewe, hupiga picha, na kuandika tarehe na saa. Usiku huangaza kwa mwanga ambao jicho la mtu halioni, au laona wekundu mdogo tu. Mwenye kamera yuko nyumbani amelala. Akipambazukiwa huenda kutazama ni nani aliyepita.

Kule Uingereza watu wengi hufunga kamera za namna hii katika bustani nyuma ya nyumba zao. Wengine huweka na sahani ya chakula, ili mbweha au kalunguyeye aje mahali panapoonekana vizuri. Mbweha wa kule wamekwisha kuzoea miji, nao hupita usiku katika mitaa ya London kama paka wa jirani. Chakula kile ndicho tunachokiita chambo.

Ufundi huu si mgeni katika nchi yetu ya Tanzania. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, wakati wa utawala wa Wajerumani, alikuja huku mtu aitwaye Carl Georg Schillings. Alitaka kupiga picha za simba usiku, jambo ambalo watu wa siku zile waliliona kama ndoto. Alifunga punda au ng'ombe mahali, akatega kamera pamoja na baruti ya mwanga, na simba alipomrukia mnyama yule, mwanga ukalipuka na picha ikapatikana. Kitabu chake cha picha hizo kilitoka mwaka 1905, kikasifiwa sana Ulaya. Wasomaji walimtazama simba wakastaajabu. Wachache walimtazama yule punda aliyefungwa.

Lakini iko njia nyingine. Mwaka 2005 watafiti walitega kamera katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, katika njia ambazo wanyama wenyewe huzipita. Picha zao zikaonyesha sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, wa aina ambayo wataalamu walikuwa hawajaiandika. Mwaka 2008 akatangazwa rasmi na kupewa jina la milima ile ile. Uzito wake ni kama gramu 700 tu. Miaka yote hiyo alikuwa akitembea juu ya majani makavu ya msitu, akila wadudu wake, wala hakuna kitabu cha wataalamu kilichokuwa na jina lake. Mungu alimjua. Zaburi ya 139 yatufundisha kwamba giza halimfichi mtu mbele za Mungu, na Zaburi ya 104 yasema habari za wanyama wa mwitu watokao usiku kutafuta chakula chao kwake.

Kutokana na hayo tupate mafundisho matatu.

La kwanza: chambo huonyesha njaa, mnyama mwenyewe hakimwonyeshi. Watafiti wanalijua jambo hili vizuri. Ukiweka nyama mbele ya kamera, huja kwanza mnyama jasiri na mwenye njaa kali. Mwenye hofu hubaki gizani, nawe waweza kudhani hayupo kabisa. Tena wale waliokusanyika penye sahani moja hugombana na kuambukizana magonjwa, jambo ambalo huenda lisingetokea kama kila mmoja angekuwa katika njia yake. Kwa hiyo atakaye kujua wanyama wangapi wanaishi msituni hutega mara nyingi bila chambo, akangoja kwa subira. Nasi tuwe na subira hiyo katika kumhukumu jirani. Tukimwona mama akisukumana kwenye foleni ya unga mwaka wa ukame, tusiseme, "Kumbe ndivyo alivyo." Tumeiona njaa yake kwa dakika moja. Hatukumwona alfajiri alipochota maji, wala jioni alipowagawia wajukuu akabaki bila kitu.

La pili: si kila chambo hutegwa kwa ajili ya picha. Mwezi wa Aprili 2018, katika hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, simba 11 walikutwa wamekufa kwa sumu, na 8 kati yao walikuwa watoto. Mahali pengi pa Afrika Mashariki simba wameuawa kwa njia hiyo: mzoga wa ng'ombe hutiwa dawa kisha huachwa. Hatumdharau mfugaji ambaye ng'ombe wake ameliwa; uchungu wake ni wa kweli. Lakini sumu haichagui. Anakuja simba, anakuja fisi, wanashuka na tumbusi, wote wanaanguka pamoja. Wazee walisema kwamba mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo.

Mtume Yakobo alipoandika kwamba kila mtu hujaribiwa kwa tamaa yake mwenyewe, alitumia neno la Kiyunani litokalo kwa wavuvi na wawindaji, maana yake kuvutwa kwa chambo. Ibilisi naye ni mwindaji stadi. Hatumii chambo cha nyama kwa mla majani. Alimwendea Bwana wetu baada ya siku 40 za kufunga, wakati wa njaa, akamtajia mkate. Kwa hiyo Kwaresima yatupasa kujiuliza swali moja: Njaa yangu ni ipi? Yuko mwenye njaa ya fedha, mwenye njaa ya cheo, mwenye njaa ya kusifiwa. Mahali penye njaa hiyo ndipo mtego utakapowekwa, wala hautakuwa na harufu ya sumu.

La tatu, na hili ndilo hasa tulilotaka kuwaambia: tusifanye sadaka yetu kuwa chambo. Kila mwaka katika majira haya makanisa mengi huwakumbuka wajane, yatima na wagonjwa, na ni jambo jema sana. Lakini tumezoea kuona katika nchi yetu namna msaada unavyotolewa. Mfuko wa unga unashikwa na mikono sita, mitano ikiwa ya watoaji. Bibi kizee anaambiwa asimame katikati, atazame huku, atabasamu. Picha inapigwa mara ya pili kwa sababu mtu mmoja alifumba macho. Jioni picha ile imekwisha kufika katika simu za watu ambao bibi huyo hatawaona kamwe. Kilo zile za unga ni za siku chache. Picha ya umaskini wake itabaki.

Tutajibiwa kwamba wafadhili wanataka ushahidi, na kwamba picha huwaamsha wengine nao watoe. Ni kweli kwamba hesabu ni lazima, na mtunza hazina asiyetoa hesabu ni hatari kwa kanisa. Lakini hesabu yaweza kuandikwa kwenye daftari, ikatiwa sahihi na watu wawili waaminifu, ikakaguliwa na baraza. Haihitaji uso wa mjane. Tena tuwafikirie wale wasiokuja kabisa. Kama yule mnyama mwenye hofu anayebaki gizani, yuko baba ambaye hajala tangu jana, naye akisikia kwamba pana kamera hatafika, kwa sababu wanawe wanasoma shule na watoto wa hao watoaji. Huyo hatutampata katika picha yetu, na kwa hiyo tutadhani hayupo.

Ndugu wapendwa, sisi pia tu watu wa kutazamwa. Baba yetu aona sirini. Je, jicho lake ni kama lile la kamera? La hasha. Kamera yaona isipende. Yaweza kumwona paa akila, na chui akimnyemelea, isimwonye. Yaandika saa na tarehe, basi. Mungu aona kama mama aonavyo usiku, aamkaye kwa sababu mtoto amekohoa. Naye atulishapo hakutegi.

Tazameni alivyofanya Mwokozi wetu baada ya kufufuka, pale kando ya bahari ya Tiberia. Petro alikuwa amekwisha kumkana mara tatu. Wanafunzi walivua usiku kucha wasipate kitu. Asubuhi wakamkuta Yesu ufuoni, moto wa makaa unawaka, samaki na mkate vipo tayari, akawakaribisha wale. Hakumwuliza Petro lolote kabla ya chakula. Hakumwambia, "Tubu kwanza, ndipo upewe samaki." Walipokwisha kula, ndipo alipomwuliza kama anampenda. Hiyo ndiyo tofauti ya chambo na meza. Atoaye chambo anamtaka mlaji. Atoaye meza anataka mlaji ashibe.

Basi katika Kwaresima hii twawaomba wakristo wa parishi yetu mambo matatu. Kwanza, sadaka ya kuwasaidia wahitaji ipelekwe nyumbani kwao na watu wawili, jioni, bila simu kuinuliwa. Pili, kila mmoja wetu achague tendo moja la wema ambalo hatamsimulia mtu yeyote, hata mwenzi wake. Tatu, tukimkuta mtu katika saa yake ya njaa, ya chakula au ya roho, tumpe kwanza, na maswali yaje baadaye. Wahenga walitufundisha: tenda wema nenda zako.

Tuombe.

Ee Mungu, uwaonaye viumbe vyako vyote gizani na kuwapa chakula chao, utulinde na kila mtego uliowekwa penye njaa zetu. Ututakase mikono, ili tutoe bila kutazama ni nani anayetutazama. Na mwisho utukaribishe mezani pako, pamoja na wale ambao hawakuonwa na mtu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.