Ni Nani Aliyewahesabu Samaki?

Mama zangu wa Mulongwe, vijana wangu wa Kalundu, fungueni Yohana 21, mstari wa 11. Wavuvi wamekesha bure. Alfajiri Bwana anawaelekeza, wavu unajaa. Ninyi mnauona muujiza. Mimi, mtoto wa ziwa hili, nakwama kwenye tarakimu: samaki 153. Mwokozi yuko ufukoni, makaa yanawaka, mkate uko tayari, na bado kuna mtu aliyeinama akahesabu mmoja mmoja! Ni nani, Maandiko hayasemi. Ila hakusema "wengi tu".

Sisi je? Muulize mama anayeuza ndagala, "Jana umepata ngapi?" Atajibu, "Mungu alisaidia." Mama, alisaidia kiasi gani? Beseni ulinunua kwa ngapi? Matabishi, ile nyongeza ya bure, umetoa vikopo vingapi? Yule jirani wa deni amelipa? Pesa ya beseni imeingia kwenye sufuria ya jioni, kesho unakopa mtaji, kisha unakesha unamfunga shetani. Mwache shetani kwanza! Lete daftari.

Musa alipotaka kuijua Kanaani alituma wapelelezi 12, wakarudi na zabibu mabegani. Wewe, kabla hujapakia gunia kwenda Bukavu, umempigia nani simu? Dada yako yuko Kadutu, anaijua bei ya leo. Anayevuka Kavimvira jioni anaijua ya Bujumbura, na dola imeamkia ngapi. Muulize mvuvi mwezi ukoje: ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, ndagala zinaadimika, bei inapanda, na aliyekausha akaweka wakati wa giza ndiye anayeuza. Yaandike hayo mwezi hadi mwezi. (Na ujasiri uwepo: kumi kati ya wale 12 waliziona zabibu hizo hizo wakarudi wanatetemeka.)

Wasomi wanaliita jambo hili mfumo wa habari za masoko, na kampuni kubwa zinalinunulia kompyuta. Wewe kaye ya shule na kalamu vinakutosha kuanza. Mnadhani ni maneno ya mimbarini tu? Huko Kerala, India, simu zilifika pwani kati ya 1997 na 2001. Mvuvi akawa anapiga akiwa bado majini, anauliza ufuko gani una wanunuzi, ndiko anakopeleka chombo. Mtafiti Robert Jensen alipima, akachapisha 2007: faida ya wavuvi ilipanda asilimia 8, bei kwa mlaji ikashuka asilimia 4, na samaki wa kutupwa karibu wakaisha. Muuzaji kapata, mlaji kapata! Na bahari ni ile ile, nyavu ni zile zile.

Basi leo usiku, kabla ya sala, chora mistari mitatu: nimenunua, nimeuza, wananidai. Mstari wa nne uwe wa bei ulizosikia na mahali ulipozisikia. Jumapili ijayo njoni na Biblia mkono wa kuume na daftari mkono wa kushoto. Nitapita benchi kwa benchi, na kurasa nitaziomba nizione.